Kungoja kwa Mtu Mwenye Mbio: Ushindi wa Anand wa Mwaka 2014

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wapenzi wa sataranji, Mikindani, Mtwara, na kuandikwa upya kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu mlioketi safu ya mbele, shikamooni. Walimu wenzangu, akina mama na dada zetu, habari za jioni. Na nyinyi vijana mlio pale nyuma, ambao nawaona bado mnamalizia michezo ya dakika tatu kwenye simu, hamjambo. Malizeni tu, nitaanza taratibu.

Kilichonileta mbele yenu ni ubishi. Wiki mbili zilizopita, tulipomaliza mashindano yetu madogo hapa hapa barazani, aliyeshika nafasi ya kwanza alikuwa ametoka sare michezo mingi kuliko ile aliyoshinda. Kijana mmoja, ambaye alishinda michezo mingi kumpita lakini pia akapoteza mingi, alilalamika kwamba zawadi imekwenda kwa mtu aliyekuwa amelala. Mwenzake akamjibu kwa kumtaja Viswanathan Anand wa India, bingwa wa zamani wa dunia, na mashindano ya Khanty-Mansiysk, kule Siberia, ya mwaka 2014. Kijana akasema basi na Anand naye alilala. Tulibishana mpaka adhana ya magharibi ikatutawanya, na mimi, kwa kutojua kunyamaza, nikaahidi kwamba nitalizungumza jambo hili kwa kirefu. Ahadi ni deni, nami nimekuja kulilipa.

Tuanze na hali aliyokuwa nayo mtu huyo kabla ya mashindano. Novemba 2013, katika jiji la Chennai alikokulia, mbele ya watu wake, Anand alivuliwa ubingwa wa dunia na Magnus Carlsen wa Norwei, kijana wa miaka 22. Walicheza michezo 10. Anand alipoteza 3, akatoka sare 7, na hakushinda hata mmoja. Ubingwa huo alikuwa ameushikilia tangu 2007, akiutetea mbele ya Kramnik, Topalov na Gelfand. Miezi minne baadaye, akiwa na umri wa miaka 44, alipanda ndege kwenda Siberia kucheza mashindano ya kumtafuta mpinzani wa Carlsen. Wachezaji walikuwa 8, kila mmoja akutane na kila mwenzake mara mbili, jumla raundi 14, na ni mmoja tu wa kupita. Aliyetazamiwa na wengi alikuwa Levon Aronian wa Armenia, mtu wa pili kwa viwango vya dunia wakati ule. Juu ya Anand, watu wengi walikuwa wakiulizana tu ni lini atastaafu.

Alimaliza na pointi 8.5, ushindi ukihesabiwa pointi moja na sare nusu. Alishinda michezo 3, akatoka sare 11, na hakupoteza. Aliyemfuata, Sergey Karjakin wa Urusi, alikuwa na 7.5. Watatu walipata 7 kila mmoja, Aronian na Svidler wakaishia 6.5, na Topalov, bingwa wa zamani wa dunia, akawa wa mwisho kwa 6.

Naomba mzitazame hesabu hizi kama muuza duka anavyotazama daftari lake jioni. Kati ya mtu wa pili na mtu wa nane palikuwa na pointi moja na nusu tu. Kundi limebanana kama abiria wa daladala ya asubuhi. Ukipoteza mchezo mmoja hushuki ngazi moja, unaporomoka. Katika hali kama hiyo mtu pekee ambaye hakufungwa hata mara moja hahitaji kushinda michezo 7. Mitatu inamtosha kuwaacha wenziwe kwa pointi nzima, kwa sababu wenziwe wanakulana wao kwa wao. Kijana wetu alihesabu ushindi, akasahau kuhesabu vipigo, na ndiyo maana hesabu yake haikukaa sawa.

Hata hivyo hesabu peke yake haitoshi kunishawishi hata mimi. Mtu anaweza kukaa bila kufungwa kwa sababu ya woga, na woga si sifa. Kwa hiyo lazima tuulize Anand alikuwa akifanya nini ndani ya zile sare na ndani ya ule ushindi. Hapo ndipo jambo linaponoga, maana Anand si mtu wa polepole kwa maumbile. Tangu utotoni alijulikana kwa kasi; mama yake ndiye aliyemfundisha mchezo akiwa na miaka 6, na alipokuwa kijana mdogo alikuwa akimaliza mchezo mzima kwa dakika chache huku mpinzani wake akitumia saa kadhaa. Mwaka 1988 akawa grandmasta, yaani mchezaji wa daraja la juu kabisa, wa kwanza wa India, naye akiwa bado na mbio zile zile. Mtu wa namna hiyo anapokaa na kungoja, hangoji kwa sababu miguu haina nguvu. Amefunga kamba mwenyewe.

Niruhusuni nitoke njiani kidogo. Sisi watu wa pwani ya kusini hatuna ugeni na Bara Hindi. Korosho zetu ghafi kwa miaka mingi zimepakiwa bandarini Mtwara zikaenda kubanguliwa kwao, na neno letu lenyewe la mchezo huu limetoka upande huo: India waliuita chaturanga, Waajemi wakasema chatrang, Waarabu wakasema shatranji, nasi tukabaki na sataranji. Kwa hiyo tunapomsifu Anand hatumsifu mtu wa mbali sana. Nayasema haya kwa sababu kuna kijana aliniuliza kama mchezo huu ni wa Wazungu. Nimemjibu sasa, mbele ya mashahidi.

Turudi Siberia. Raundi ya kwanza kabisa Anand alikutana na Aronian, yule yule aliyetazamiwa. Anand alishika weupe na mchezo ukafunguliwa kwa njia ya Kihispania. Sasa, katika njia hiyo Aronian alikuwa na silaha aliyoizoea sana, Shambulio la Marshall, ambamo mweusi anatoa askari mmoja sadaka ili apate kumshambulia mfalme mweupe kwa nguvu zake zote. Anand, katika hatua ya 8, alisogeza askari wake wa safu ya h nyumba moja tu mbele. Basi. Hatua hiyo haimtishi mtu, haili kitu, na ukiiona bila kujua habari zake utadhani mchezaji alikosa la kufanya. Lakini ilibadilisha mambo kiasi kwamba silaha ya Marshall ikabaki ukutani. Aronian alilazimika kucheza mchezo ambao hakuja kuucheza, akabanwa kidogo kidogo, na jioni ile akapoteza. Raundi ya 3 Anand akamshinda Shakhriyar Mamedyarov wa Azerbaijani. Raundi ya 9 akamshinda Topalov. Huo ndio ushindi wake wote.

Mzee mmoja hapa mbele ameinua mkono. Anauliza kama kuzuia nako ni kucheza, maana wakati wao ukimzuia mtu njiani uliitwa jambazi. (Kicheko.) Mzee wangu, nitakujibu kwa ubao, kwa sababu maneno matupu hayatoshi, na nitamwazima mtu mwingine kidogo kabla ya kurudi kwa Anand.

Hapa nimepanga nafasi ya mwaka 1974, kutoka Olimpiadi ya sataranji iliyochezwa Nice, Ufaransa. Weupe ni Anatoly Karpov, wakati ule kijana wa miaka 23. Weusi ni Wolfgang Unzicker wa Ujerumani Magharibi. Vipande hivi vya mpingo, vijana, vishikeni kwa adabu. Mchongaji alivitoa kwenye gogo ambalo huenda lilikuwa porini kabla babu zenu hawajazaliwa. Tazameni safu hii ya pembeni kushoto, safu ya a. Ndiyo njia pekee iliyo wazi ubaoni kote. Ngome za weupe zinaitaka, ngome za weusi zinaitaka. Mchezaji wa kawaida, nami nikiwamo, atafanya jambo moja: ataleta ngome, mwenzake ataleta yake, watalana, ngome zote zitatoka nje ya ubao, na watapeana mikono kwa sare. Unzicker alikuwa akilingoja hilo, kwa kuwa vipande vyake vimesongamana na kila kipande kinachotoka ubaoni kinampa nafasi ya kupumua.

Karpov, katika hatua ya 24, anamchukua askofu wake huyu, anampeleka mpaka a7, yaani nyumba ya saba ya safu hii ya a, ndani kabisa ya upande wa adui, katikati ya njia. Askofu hatishi kipande chochote pale. Amesimama tu mlangoni kama mjomba aliyekuja kusuluhisha ugomvi. Lakini angalieni kilichotokea: ngome nyeusi haiwezi tena kuitazama ngome nyeupe, kwa sababu kati yao pana askofu, na kwa hiyo hakuna kulana. Nyuma ya mgongo wa askofu huyo Karpov anapanga ngome zake mbili, moja nyuma ya nyingine, bila haraka. Siku atakayotaka, askofu ataondoka na mlango utafunguka, ngome zikiwa tayari. Na ni yeye tu mwenye ufunguo. Unzicker hawezi kuufungua mlango, wala hawezi kuondoka kwenda kwingine, kwa sababu hajui utafunguliwa lini.

Sasa fuateni hili, kwa kuwa ndilo nililotaka mlione. Askofu hakuondoka. Alibaki a7 mpaka mwisho wa mchezo. Huku weusi wakiulinda mlango wa kushoto, Karpov alihamia upande wa kulia: akasogeza askari wake wa f hatua mbili, kisha moja tena, akabadilishana maaskofu wa mraba mweupe, malkia akaingia h5, kisha g6, farasi akatua h5, na kwenye hatua ya 44 Unzicker akakubali kushindwa. Ngome za kushoto hazikula kitu. Kazi yao ilikuwa kumkumbusha mwenzao kila dakika kwamba zipo. Kutoka hatua ya 24 mpaka ya 44 hakuna kishindo hata kimoja ambacho kijana wa dakika tatu angekipigia makofi, na bado, mzee wangu, mimi sijaona mchezaji mwenye nguvu ambaye angependa kukaa upande wa weusi katika nafasi ile hata kwa hatua tano. Nadhani hapo nimekujibu kama kuzuia ni kucheza.

Wengine wenu mmeshaanza kufikiria bao, nami nimo. Marehemu mjomba wangu alinifundisha bao la Kiswahili chini ya mwembe usio mbali na hapa, kwa kete za komwe zilizokuwa zimelainika kwa kushikwa mpaka zinateleza vidoleni. Mnajua wote mpango wake: mashimo 32, kete 64, kila mtu anaanza na kete 22 mkononi za kunamua, yaani za kuingiza ubaoni, na ana nyumba yake iliyojaa kuliko mashimo mengine. Kete yako ya mwisho ikiangukia katika nyumba yako, una hiari: unaweza kulala pale pale ukamwachia mwenzako zamu, au unaweza kuichukua nyumba nzima ukasafiri nayo. Mimi, mtoto wa miaka kumi na mbili, nilikuwa nasafiri kila nilipopata ruhusa. Kusafiri kunapendeza: kete zinatiririka, unakula huku na huku, watazamaji wanaguna. Mjomba alikuwa analala. Analala leo, analala kesho, nyumba yake inanenepa, na mimi nimeshatapanya yangu kila shimo kete moja moja. Kisha jioni moja anasafiri mara moja tu. Alinifunga nikiwa bado na kete mkononi, akaniambia nikamletee maji ya kunywa.

Kwa hiyo yule kijana aliposema Anand alilala, bila kujua alitamka istilahi sahihi kabisa. Anand alilala kwa maana ya mjomba wangu. Alikuwa na hiari ya kusafiri akachagua kulala, akijua nyumba inaongezeka.

Lakini siwezi kuwaacha na picha nzuri kupita ukweli. Kuna sare na sare. Mashindano yanayofanana na haya yalichezwa Curaçao mwaka 1962, na Tigran Petrosian aliyashinda bila kufungwa: alishinda 8, akatoka sare 19, pointi 17.5, nusu pointi tu mbele ya Keres na Geller. Watatu hawa wote walikuwa wa Muungano wa Sovieti, walikutana wao kwa wao mara 12, na mara zote 12 wakatoka sare, nyingine zikiwa fupi mno. Bobby Fischer wa Marekani alitangaza hadharani kwamba walikuwa wamepanga, na baada ya hapo shirikisho la sataranji la dunia likaachana na mashindano ya kundi katika ngazi hiyo, likaweka mechi za mtu na mtu. Petrosian alikuwa mlinzi mkubwa mno, pengine mkubwa kuliko wote, na mwaka uliofuata alimvua Botvinnik ubingwa kwa haki. Ila siwezi kumwambia kijana kwamba zile sare 12 ni subira. Zile ni watu waliokubaliana kupumzika. Sare ya namna hiyo nami nachukizwa nayo kama yeye.

Swali basi ni hili: sare 11 za Anand zilikuwa za aina ipi? Nitazungumzia mbili tu, kwa sababu hizo mbili zina mambo.

Ya kwanza ni ya raundi ya 12, dhidi ya Dmitry Andreikin. Anand alikuwa anaongoza, na ubaoni alikuwa amefika kwenye nafasi ambayo kompyuta za waliokuwa wakifuatilia zilionyesha kwamba ni ya kushinda. Badala ya kuendelea, alirudia hatua zake mpaka ikawa sare. Wapo wanaomsifu kwa hili. Wanasema alikuwa na akiba, hakutaka kucheza kamari. Mimi simsifu. Naliona kama mtu aliyekaa na ndoano tangu alfajiri, samaki akauma, naye akaendelea kushika uzi kwa utulivu ule ule mpaka samaki akaenda zake. Kungoja kuna hatari hiyo: mkono unazoea kungoja, ukasahau kwamba ulikuwa unangojea kitu. Tukimpenda Anand tusimfiche hapa.

Ya pili ni ya raundi ya 13, dhidi ya Karjakin. Safari hii ni Anand aliyekuwa amebanwa. Karjakin ni mtu mwenye sifa ya kutochoka, na alimkandamiza kwa muda mrefu mno. Mchezo ulikwenda mpaka hatua ya 91. Fikirini hatua 91 za kujilinda, kila moja ikiwa na mlango mmoja wa kupita na milango mitatu ya kuangukia shimoni, na mlinzi ni mtu mwenye miaka 44 akimkabili mtu mwenye miaka 24. Hakuanguka. Waliposhikana mikono kwa sare, Anand alikuwa tayari ameyashinda mashindano, raundi moja kabla ya mwisho. Raundi ya 14 alitoka sare na Peter Svidler, na hakuna zaidi la kusema juu ya huo.

Nikitazama sare hizi mbili pamoja, naona kwamba ukimtazama mtu kutoka nje tu, huwezi kujua kama anangoja au anaogopa. Uso ni ule ule. Sare ya Andreikin ilikuwa karibu na woga, au tuseme karibu na uchovu. Sare ya Karjakin ilikuwa kazi ngumu kuliko ushindi mwingi niliowahi kuuona. Katika jedwali la matokeo zote mbili zimeandikwa nusu.

Dada mmoja ameuliza kama subira hii si ile ile tunayohubiriwa kila msimu wa korosho. La, dada yangu, na nashukuru umeuliza. Mkulima wa Newala au Tandahimba aliyepeleka mzigo wake kwenye chama cha msingi, akapewa stakabadhi, na sasa anasubiri mnada na malipo, hangoji kwa hiari yake. Amengojeshwa. Ada ya shule haingoji naye. Sitathubutu kumwambia mtu huyo aige Anand. Tena ninyi wenye mikorosho mnajua kwamba hata kabla ya hapo, miezi ile ambayo mgeni akipita barabarani anaona miti imesimama tu, ninyi mnapalilia, mnapogolea, mnapuliza salfa asubuhi na mapema kabla upepo haujaamka ili ubwiri unga usiyakaange maua. Kama mnataka mfano wa Anand katika shamba, uchukueni kwenye miezi hiyo ya salfa, msiuchukue kwenye foleni ya malipo. Mfano wa askofu wa a7 nao umo humo: maua hayajawa korosho, lakini ugonjwa umekuta mlango umeshikwa.

Namalizia habari ya Anand mwenyewe, kwa kuwa haikuishia Siberia. Novemba 2014 alikutana tena na Carlsen, mjini Sochi, na akapoteza kwa pointi 6.5 kwa 4.5. Katika mchezo wa 6 lilitokea jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka napapasa ubao. Mechi ilikuwa sawa, 2.5 kwa 2.5. Carlsen, akiwa na weupe na nafasi nzuri zaidi, kwenye hatua ya 26 alimpeleka mfalme wake d2. Lilikuwa kosa kubwa, la aina ambayo bingwa wa dunia halifanyi mara mbili kwa mwaka. Farasi wa Anand angemla askari wa e5 na mechi nzima ingegeuka. Carlsen mwenyewe alikuwa ameshaliona kosa lake, amekaa, anajitahidi uso usiseme kitu. Anand alifikiri kidogo tu, kama dakika moja, akasogeza askari wake wa a kwenda a4. Mara tu alipoachia kipande akaona. Akapoteza mchezo ule.

Nimewahi kusikia ikisemwa kwamba hapo subira ilimponza. Mimi naona kinyume chake. Hapo mbio zake za utotoni zilimrudia, kwa hatua moja tu. Alikuwa na mpango wa kumsogeza yule askari, mpango ulikuwa tayari kichwani, mkono ukautekeleza kabla macho hayajauliza mwenzake amefanya nini hivi punde. Mtu aliyengoja hatua 91 mwezi Machi alishindwa kungoja dakika mbili zaidi mwezi Novemba. Si jambo la kumcheka. Mimi hufanya hivyo kila Jumamosi, hapa hapa, mbele yenu.

Sasa yule kijana wetu, ambaye nimekuwa nikimtaja bila kumtaja jina, na ambaye naona amekwisha kuweka simu mfukoni, nina ombi kwake. Ubao wa Karpov na Unzicker nauacha umepangwa ulivyo, kabla ya askofu kwenda a7. Wewe, mwanangu, utakaa upande wa weusi. Mpinzani wako atakuwa yule yule aliyekunyima zawadi, naye atashika weupe. Saa haitawekwa. Kila baada ya hatua mbili za weupe utatuambia kwa sauti nini ulichotaka kufanya na kwa nini hukiwezi, na sisi wengine tutakaa kimya, hata mzee aliyeniita jambazi. Yule mama mwenye kahawa na kashata namwona ameshafika pale mlangoni, kwa hiyo tunaweza kukaa mpaka isha. Mweupe aanze.